AMRI YA KUCHIMBA: MAHANDAKI YA JESHI LA UJERUMANI, 1914–1918



Katika somo hili tutajifunza habari za mahandaki. Wengi wetu tulilisikia sana neno hili wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979. Lakini leo tutakwenda mbali zaidi. Tutakwenda Ufaransa na Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilivyoanza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918.

Katika vita hivyo jeshi la Ujerumani liliandika amri nyingi za kuchimba, kujenga na kutunza mahandaki. Amri hizo ziliandikwa ofisini, mezani, kwa kalamu. Lakini aliyezitimiza alikuwa mtu mwenye koleo mkononi, amesimama kwenye tope. Hebu tuone amri hizo zilisema nini, zilibadilika kwa nini, na nani alilipa gharama yake.

VITA VILIINGIAJE ARDHINI?

Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, kisha Ufaransa. Wakubwa wao walitumaini kumaliza kazi kwa wiki chache tu. Mambo hayakwenda hivyo. Mwezi Septemba 1914 Wafaransa na Waingereza waliwazuia karibu na mto Marne. Wajerumani wakarudi nyuma mpaka mto Aisne. Hapo wakaanza kuchimba.

Kwa nini walichimba? Kwa sababu bunduki za rashasha na mizinga mikubwa zilikuwa zimebadilisha vita. Mtu aliyesimama wima uwanjani hakuwa na maisha marefu. Askari wa miguu wa Kijerumani alikuwa amebeba koleo fupi pamoja na bunduki yake. Basi alilala chini, akachimba kishimo cha kuficha kichwa. Akakiongeza kikawa shimo la kukaa. Shimo lake likaunganishwa na la mwenzake, likawa handaki.

Wafaransa na Waingereza nao wakafanya vivyo hivyo. Kabla mwaka 1914 haujaisha, mahandaki yalikuwa yamefika kutoka bahari ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 700. Hiyo ni mbali kuliko safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha.

AMRI YA KWANZA: USIRUDI NYUMA

Mkuu wa majeshi ya Ujerumani wakati huo alikuwa Jenerali Erich von Falkenhayn. Alishika kazi hiyo Septemba 1914. Amri yake ilikuwa fupi na ngumu: ardhi iliyokwisha kutekwa isiachwe. Handaki la mbele lilindwe mpaka mwisho. Adui akilichukua, lirudishwe mara moja kwa kumshambulia.

Kwa hiyo handaki la mbele lilipaswa kuwa imara sana. Lakini mwezi Machi 1915 Waingereza walishambulia mahali panapoitwa Neuve Chapelle, wakapasua safu ya mbele ya Wajerumani. Hapo Wajerumani waliona kwamba safu moja haitoshi. Ikatoka amri nyingine: nyuma ya safu ya kwanza ijengwe safu ya pili, umbali wa kama kilomita 2 au zaidi, ili mizinga midogo ya adui isiweze kuzipiga zote mbili kwa wakati mmoja.

HANDAKI LILIJENGWAJE?

Tuchukue mfano wa bonde la mto Somme, kaskazini ya Ufaransa. Udongo wa huko una chokaa. Ni mkavu na unashikamana, kwa hiyo mtu anaweza kuchimba kwenda chini sana bila shimo kuanguka. Wajerumani walikaa hapo karibu miaka miwili wakichimba.

Kwanza, handaki halikuwa moja. Katika safu ya mbele yalikuwako mahandaki matatu, moja nyuma ya lingine, yakiachana kama mita 150 hivi. La kwanza lilikuwa la walinzi wachache waliokesha macho. La pili lilikuwa makao ya askari wengi wa mbele. La tatu lilikuwa la askari wa akiba. Yaliunganishwa na mahandaki mengine ya kupitia, ili chakula, risasi na majeruhi vipite bila kuonekana. Nyuma zaidi zilijengwa ngome ndogo ndogo, kisha safu ya pili. Februari 1916 wakaanza na safu ya tatu.

Pili, handaki halikuchimbwa kwa mstari ulionyooka kama mfereji wa maji. Lilipindapinda. Kila baada ya mita chache lilikata kona. Kwa nini? Kombora likianguka ndani ya handaki lililonyooka, vipande vya chuma huruka mbali na kuua wengi. Penye kona, vipande hukwama kwenye udongo. Pia adui akiingia upande mmoja hawezi kupiga risasi mpaka upande wa pili. Kona tu, ndugu zetu, iliokoa maisha ya watu wengi.

Tatu, mbele ya mahandaki waliweka seng'enge. Hapo Somme waliweka mikanda miwili ya seng'enge. Kila mkanda ulikuwa na upana wa karibu mita 30, na kati yake nafasi ya kama mita 15. Nyaya zenyewe zilikuwa nene, zimefungwa kwenye vigingi, zikafika mpaka kifuani kwa mtu.

Nne, walichimba vyumba chini ya ardhi. Mwanzoni vyumba hivyo vilikuwa na kina cha mita 2 au 3 tu. Baadaye vikafikishwa mita 6 mpaka 9, kama kisima. Kimoja kiliweza kuchukua askari kama 25. Ngazi za mbao zilishuka mpaka chini. Iliagizwa kwamba kila chumba kiwe na milango isiyopungua miwili. Mlango mmoja ukizibwa na kifusi, watu watoke kwa mwingine. Mlangoni lilining'inizwa blanketi la kuzuia hewa ya sumu.

Tano, nyaya za simu zilifukiwa chini, karibu mita 2, ili makombora yasizikate. Maana jemadari asiyesikia habari za mbele ni sawa na kipofu.

Sita, walificha kazi yao. Udongo wa chokaa ni mweupe. Ukiumwaga ovyo, mtu aliye ndani ya ndege anauona kutoka angani na kuupiga picha. Kwa hiyo ilibidi udongo uliochimbwa ufichwe, ufunikwe au upelekwe mbali.

KAZI ISIYOKWISHA

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Handaki lilikuwa hivyo hivyo. Siku lilipokwisha kuchimbwa ndipo kazi ilipoanza.

Adui wa kwanza alikuwa maji. Mvua ikinyesha, kuta zililainika na kuporomoka. Ilibidi zizuiliwe kwa mbao, au kwa fito zilizosukwa kama ukuta wa nyumba zetu za miti na udongo. Chini palichimbwa mashimo ya kukusanyia maji. Juu yake zikalazwa mbao za kukanyagia. Askari aliyesimama majini siku nyingi miguu yake ilivimba na kuoza. Wengine walikatwa miguu bila kupigwa hata risasi moja.

Adui wa pili alikuwa uchafu. Watu wengi walikula, wakalala na kujisaidia mahali pembamba. Vyoo vilichimbwa pembeni na kufukiwa vilipojaa. Hata hivyo panya walizaliana, na chawa waliwasumbua askari wa pande zote.

Adui wa tatu alikuwa mizinga. Kila siku makombora yalibomoa ukingo na kukata seng'enge. Kazi ya kutengeneza ilifanywa usiku, kwa sababu mchana mtu alionekana. Lakini usiku nao sauti husikika mbali. Ukipiga kigingi kwa nyundo, adui anakusikia na kukufyatulia. Kwa hiyo walitumia vigingi vya chuma vilivyosokotwa, ambavyo huingizwa ardhini kwa kuzungushwa, kimya kimya.

Basi maisha ya askari yalikuwa hayo. Mchana alijificha, usiku alichimba, alibeba mbao, alisuka fito na kufunga waya. Alishika koleo saa nyingi kuliko bunduki.

SIKU YA TAREHE 1 JULAI 1916

Mwaka 1916 Waingereza na Wafaransa waliamua kuipasua safu hiyo ya Somme. Kwa siku 7 mizinga ya Waingereza ilifyatua makombora zaidi ya milioni 1 na nusu. Wengi waliamini kwamba hakuna Mjerumani aliyebaki hai.

Kumbe wengi walikuwa hai. Walikaa siku zote hizo chini, mita 6 na zaidi, wenye njaa na kiu, huku ardhi ikitikisika. Asubuhi ya tarehe 1 Julai mizinga ilipohamia nyuma, walipanda ngazi mbio na kutega bunduki zao za rashasha. Mahali pengi seng'enge ilikuwa bado haijakatika. Waingereza walikuwa wanakuja kwa miguu uwanjani.

Siku hiyo moja Waingereza walipata hasara ya watu 57,470, yaani waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliokufa walikuwa 19,240. Upande wa kusini Waingereza na Wafaransa walifaulu kuteka mahandaki. Lakini mahali pengi pa kaskazini hawakupata kitu.

Je, tuseme basi kwamba amri za Wajerumani zilikuwa nzuri? Tungoje kwanza. Vita vya Somme viliendelea mpaka Novemba. Jenerali Fritz von Below, aliyeongoza jeshi la Wajerumani mahali pale, alikataza mtu yeyote kuliacha handaki kwa hiari. Alitaka adui asonge mbele juu ya maiti tu. Kila kipande kilichopotea kilipaswa kurudishwa. Wajerumani wakafa kwa maelfu wakigombea mashimo yaliyokwisha kubomoka, ambayo hayakuwa na faida tena. Ukichanganya pande zote, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea katika vita hivyo vya Somme walizidi milioni 1.

AMRI MPYA

Mwisho wa Agosti 1916 Falkenhayn aliondolewa. Mahali pake wakawekwa Paul von Hindenburg na msaidizi wake Erich Ludendorff. Hawa walitaka kujua mbele kuna nini, wakakusanya taarifa za maofisa waliotoka vitani. Tarehe 1 Desemba 1916 kikatolewa kitabu cha maagizo kuhusu vita vya kujilinda. Walioandika walikuwa maofisa Max Bauer na Hermann Geyer. Maagizo mengine ya ujenzi yakafuata.

Kitabu hicho kiligeuza mambo. Kilisema hivi kwa ufupi: mstari wa mbele usijazwe watu, maana unapigwa sana na mizinga. Wachache wakae mbele. Wakizidiwa, waruhusiwe kusogea. Nguvu kubwa ikae nyuma, tayari kumrudishia adui akishachoka. Pahali pa kujilinda pawe kanda nzima yenye kina cha kilomita kadhaa, na siyo mstari mmoja tu. Mahandaki yawekwe nyuma ya mgongo wa kilima ilipowezekana, ili adui asiyaone kwa urahisi.

Si wote waliokubali. Ofisa mmoja mashuhuri, Fritz von Loßberg, alipinga. Alisema askari akiambiwa anaweza kurudi nyuma, hatajua arudi lini, na patakuwa na vurugu. Maofisa walibishana kwa maandishi, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Baadaye, mwaka 1917, Loßberg huyo huyo alitumia njia mpya kule Flanders, Ubelgiji.

Huko Flanders tena ardhi ilikuwa tofauti. Ukichimba kidogo tu, maji yanatoka. Hakuna vyumba vya mita 9. Kwa hiyo walijenga juu ya ardhi, vibanda vidogo vya zege na nondo, vyenye kuta nene. Ndiyo kusema, amri moja haikufaa kila mahali. Ilibidi kwanza uulize udongo.

SHIMO LINALOPONYA LAWEZA KUZIKA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa zaidi. Vile vyumba virefu vilivyookoa watu mwezi Julai 1916 viligeuka kuwa mitego.

Waingereza na Wafaransa nao walijifunza. Mizinga yao ilianza kupiga mbele kidogo tu ya askari wao, ikisogea hatua kwa hatua pamoja nao. Mara mizinga ilipopita, askari wa miguu walikuwa tayari mlangoni. Mjerumani aliyekuwa chini mita 9 hakuwa na muda wa kupanda ngazi. Alitupiwa bomu, au alitoka amenyoosha mikono. Mwishoni mwa mwaka 1916 Wafaransa waliteka maelfu kwa njia hiyo huko Verdun. Aprili 1917 yakatokea hayo hayo karibu na mji wa Arras.

Basi maagizo yakageuka. Vyumba virefu visijengwe tena katika mstari wa mbele. Vijengwe nyuma. Kile kilichokuwa uzima mwaka jana kilikuwa kaburi mwaka huu. Wale walioendelea kufuata agizo la zamani kwa sababu tu lilifaulu zamani, walilipa.

NANI ALICHIMBA?

Katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 Wajerumani walijenga safu mpya kubwa nyuma ya Somme. Wao waliiita Siegfried. Waingereza waliiita safu ya Hindenburg. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wafungwa wa vita, hasa Warusi, na raia wa Ubelgiji waliochukuliwa kwa nguvu. Hawa walichimba ngome za adui yao, katika baridi, na chakula kidogo.

Februari na Machi 1917 Wajerumani walirudi nyuma mpaka safu hiyo. Mstari wao ukapungua kilomita 40 hivi. Lakini kabla ya kuondoka walitekeleza amri nyingine. Vijiji vilibomolewa, miti ya matunda ikakatwa, visima vikaharibiwa, wananchi wakahamishwa. Wakulima Wafaransa waliporudi walikuta mawe na mashimo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Hata hiyo safu ya Siegfried haikudumu. Tarehe 29 Septemba 1918 Waingereza, wakiwa na Waaustralia na Wamarekani, waliipasua karibu na mfereji wa St Quentin. Tarehe 11 Novemba 1918 vita vikasimama.

VITA HIVYO VILIFIKA KWETU PIA

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na Kenya chini ya Waingereza. Februari 1916 walipigana katika kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Waingereza waliona mahandaki juu ya kilima, wakayapiga kwa mizinga. Kumbe yale yalikuwa ya kudanganya. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, yamefichwa vichakani. Waliposogea walipigwa, wakarudi nyuma.

Lakini sehemu kubwa ya vita vya huku haikuwa ya mahandaki. Ilikuwa ya kutembea. Mzigo ulibebwa na wapagazi, ndugu zetu, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi hao cha Waingereza. Tukipita sokoni pale tuwakumbuke.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tunajifunza kwamba amri iliyoandikwa ina nguvu kubwa. Yaweza kumwokoa mtu, kama ile ya kukata kona na ya kujenga milango miwili. Yaweza pia kumwua bure, kama ile ya kufia shimo lililobomoka. Karatasi yenyewe haijui tofauti. Anayejua kwanza ni mtu aliye pale, kwenye udongo.

Jeshi la Ujerumani lilipowauliza watu waliotoka mbele, maagizo yake yakawa bora. Hata hivyo mahandaki yote yale, na maagizo yote yale, hayakuwapa ushindi. Yalirefusha vita.

Sisi tuliojifunza kusoma tunaletewa maagizo mengi: ya kilimo, ya maji, ya afya, ya ujenzi. Tuyasome vizuri. Yaliyo mema tuyafuate bila uvivu. Lakini tuulize pia: liliandikwa lini? Kwa udongo wa wapi? Aliyeandika aliwauliza wanaofanya kazi? Na kama halifai, tusikae kimya. Tukiandike kile tunachokiona shambani na kukipeleka kwa wahusika. Kalamu sasa iko mikononi mwetu pia.

MANENO YA KUKUMBUKA

Handaki – shimo refu la kujikinga vitani.
Seng'enge – waya wenye miiba.
Ukingo – udongo uliorundikwa mbele ya handaki kuzuia risasi.
Zege – mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji.
Akiba – watu au vitu vinavyowekwa nyuma vitumike baadaye.
Mpagazi – mtu wa kubeba mizigo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini handaki lilichimbwa kwa kupindapinda?
2. Vyumba virefu vya chini viliwaokoa Wajerumani mwaka 1916, lakini viliwaponza mwaka 1917. Elezeni sababu.
3. Nani walichimba safu ya Siegfried, na hali yao ilikuwaje?
4. Katika kijiji chenu kuna agizo lolote lililofaa zamani ambalo sasa halifai? Jadilini, kisha mwandike mapendekezo yenu katika ukurasa mmoja.